Koro

Sista Amparo aliliandika kwa chaki, herufi nne,
kwenye ubao uliobaki na hesabu za watoto wa darasa la tatu.
Coro.
Tukalisoma kwa ulimi wetu, koro,
na Bashige wa besi akauliza kama ni ndugu yake kukoroma.
Tulicheka mpaka umeme ukakatika.
Umeme wa Kadutu haupendi kicheko kirefu.

Gizani akaendelea.
Koro ni ninyi, hawa thelathini na mmoja.
Koro ni pale mnaporudia pamoja, kiitikio.
Na koro ni zile mbao juu ya mlango wa kanisa
mnapopanda kwa ngazi inayolia;
hata zikiwa tupu,
hata panya akiwa peke yake huko juu,
bado ni koro.

Mimi ni fundi wa nguo.
Napenda kitambaa kinachokatwa mara nyingi kisiishe.
Nikamwomba vipande vingine.
Akasema kwao, zamani, koro ulikuwa pia upepo
utokao kati ya kaskazini na machweo.
Kwetu huo hushuka Kahuzi na harufu ya majani mabichi,
hupindua mabati ya Cimpunda,
huingia chini ya sketi za soprano.
Tena koro ni kipimo cha kale cha nafaka,
cha maghala ya wafalme.
Hapo Mama Nsimire, muuza unga, akainua kichwa:
Ni gigozi ngapi?
Sista hakujua. Nyingi, alisema.
Basi huyo mfalme hakupimiwa na mimi.

La mwisho alilisema polepole, kidole kifuani:
kujua kitu de coro,
kukijua bila karatasi.
Sote tukamgeukia Nabintu.
Nabintu hakuwahi kushika daftari.
Beti zote alizibeba yeye
kama wanawake wa mlimani wabebavyo gunia la makala,
kamba kwenye paji la uso, mikono mitupu.
Sisi wengine tulijua kujibu tu.

Kisha wakaja wale wa mabuti.
Siwataji, wameshatajwa vya kutosha.
Walituita uwanjani, mmoja akashika kipaza sauti.
Mko salama?
Tuko salama!
Mnafurahi?
Tunafurahi!
Sauti yangu ilitoka safi, sikudanganyi,
na nyuma yangu nikasikia alto ikiingia
pale pale inapotakiwa kuingia.

Jioni nikamuuliza Sista, na hilo linaitwaje.
Alifunga dirisha kwanza.
Hacer coro, alisema. Kufanya koro.
Kumwitikia mtu kila anachosema.
Neno ni lile lile?
Lile lile.
Usiku ule nilijichoma sindano mara mbili
kwenye kidole kimoja.

Jumapili tulipanda watu saba.
Nabintu hakuwepo.
Wengine walisema amevuka Ruzizi,
wengine walitazama viatu vyao.
Kinanda hakina moto, Padri anatusubiri,
na beti zote ziko naye, huko aliko.

Bashige, yule wa kukoroma, ndiye aliyeanza.
Alianza na jibu.
Tukaimba jibu.
Tukanyamaza kwa urefu wa ubeti mzima,
kila mtu akihesabu kimoyomoyo,
upepo ukikwaruza mabati,
tukaimba jibu tena.
Mara nne.
Kufika ya tatu, nikachungulia chini:
watu walikuwa wakijaza ule ukimya kwa midomo,
bila sauti,
na hakuna midomo miwili iliyofanana.

Sista amerudishwa kwao. Ngazi bado inalia.
Mahali pa Nabintu hatujampa mtu;
tunapaweka koti, siku za mvua.
Ubeti wa pili naukumbuka
mpaka kwenye neno maji.
Baada ya maji, sijui.
Anayejua aniitikie.